Seva Mbadala na Tovuti Zilizofungiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na yale yanayoulizwa zaidi katika darasa la kompyuta la jioni hapa Chake Chake, hasa tangu Mei 2025, pale mtandao wa X (zamani Twitter) ulipoacha kufunguka nchini Tanzania. Wengi wa wanaouliza ni wanafunzi, wafanyabiashara wadogo na wazee wenye watoto ughaibuni, na karibu wote wameshaweka katika simu zao kitu walichoelekezwa na jirani kabla ya kuuliza kinafanya nini. Majibu yameandikwa kwa ajili yao.

Seva mbadala ni kitu gani?

Ni kompyuta iliyo mahali pengine, mara nyingi nje ya nchi, inayopokea ombi lako, kwenda kuuliza kwa niaba yako, kisha kukurejeshea jibu. Wengi huiita proksi. Simu za Android zilizowekwa Kiswahili huiandika seva mbadala, na hilo ndilo jina litakalotumika hapa. Unapofungua tovuti moja kwa moja, kampuni ya simu inayokuuzia bando huona kwamba simu yako inazungumza na tovuti hiyo. Ukipitia seva mbadala, tovuti huona anwani ya IP ya seva (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) badala ya yako, na kampuni ya simu huona kwamba unazungumza na seva, ikiwa njia kati yako na seva hiyo imesimbwa, yaani yanayopita humo yamegeuzwa fumbo asiloweza kulisoma mwengine. Kama haikusimbwa, kampuni huendelea kusoma jina la kila tovuti unayoiomba, na kizuizi kinaweza kukufuata huko huko.

Teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya kukwepa vizuizi. Katika miaka ya 1990 vyuo na maofisi viliweka seva za namna hii ili ukurasa uliokwisha kufunguliwa na mtu mmoja uhifadhiwe na kupewa mwengine bila ya kuagizwa tena kutoka ng'ambo, na programu ya Squid, iliyoanza mwaka 1996, bado inaifanya kazi hiyo.

Tovuti hufungiwa kwa njia gani?

Inafaa kulijua hili kwanza, kwa sababu dawa hutegemea ugonjwa, na watu wengi hutafuta seva mbadala wakati ambapo jambo dogo zaidi lingetosha.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuliharibu daftari la majina. Simu haisafiri kwa majina bali kwa namba za IP, hivyo unapoandika jina la tovuti, kwanza simu huiuliza seva ya DNS ya kampuni ya simu: jina hili namba yake ni ipi? Kampuni ikiagizwa kufungia, hujibu kwamba jina hilo halipo, au hutoa namba ya uongo. Kizuizi cha aina hii huondoka pale unapoliuliza daftari jengine, kwa mfano lile la Cloudflare lenye anwani 1.1.1.1 au la Google lenye anwani 8.8.8.8. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio, ambayo husimba swali lenyewe ili kampuni isiweze kulibadilisha njiani, na sehemu hiyo haigharimu hata shilingi.

Njia ya pili ni kuizuia namba ya IP yenyewe. Hapa kubadilisha daftari hakusaidii kitu. Ubaya wake ni kwamba namba moja mara nyingi huhifadhi mamia ya tovuti, na zile zisizohusika huzama pamoja na ile iliyokusudiwa.

Njia ya tatu ni ya werevu zaidi. Tovuti nyingi sasa hufunguka kwa kufuli la HTTPS, yaani usimbaji baina ya simu na tovuti, lakini kabla ya kufuli kufungwa simu hulitaja jina la tovuti waziwazi ili seva ya upande wa pili ijue itoe cheti gani, yaani kitambulisho cha tovuti. Mitambo ya kampuni husikiliza jina hilo na, ikilitambua, hukata mazungumzo papo hapo. Mtumiaji huona ukurasa unazunguka kisha unaandika kwamba muunganisho umekatizwa. Kwa kizuizi cha namna hii, na kile cha IP, ndipo seva mbadala au VPN (ndugu yake anayebeba mazungumzo yote ya simu, kama itakavyoelezwa chini) inapohitajika kweli.

Nitajuaje kama tovuti imefungiwa au imeharibika tu?

Tafadhali angalia mambo madogo kwanza. Bando la mitandao ya kijamii pekee halifungui tovuti nyengine, na watu huja wakilalamikia kizuizi kumbe wamenunua bando lisilokuwa lenyewe. Simu ambayo tarehe yake imerudi nyuma baada ya betri kuisha hukataa karibu kila tovuti yenye kufuli, kwa kuwa inaona cheti cha tovuti hakijaanza kutumika. Ukisharekebisha hayo, jaribu kwa laini ya kampuni nyengine, kisha muombe mtu aliye nje ya nchi afungue tovuti hiyo hiyo. Ikifunguka kwake na ikagoma kwenye laini mbili za hapa, yaelekea imefungiwa.

Ipo pia programu ya bure ya OONI Probe, ya mradi ulioanza mwaka 2012, ambayo hupima tovuti moja baada ya nyengine na kueleza kama kuna kizuizi na ni cha aina gani. Matokeo yake huchapishwa hadharani pamoja na jina la mtandao uliotumia, kwa hiyo soma maelezo yake kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

Je, sheria inaruhusu?

Chombo chenyewe kina matumizi mengi halali, lakini kukitumia kufikia maudhui yaliyokatazwa kunaweza kukufikisha mahakamani. Baadhi ya watu hudhani kwamba Zanzibar ina utaratibu wake katika jambo hili. Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, inasimamia mawasiliano Unguja na Pemba kama inavyoyasimamia Dar es Salaam.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia, programu au kitu chochote kinachomuwezesha mtumiaji kufikia maudhui yaliyokatazwa, na adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kisha, mwezi wa Oktoba 2023, TCRA ilitangaza kwamba watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani za IP wanazotumia, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mwenye hoteli kule Nungwi ambaye hesabu zake ziko katika kompyuta ya ofisi ya nje ya nchi anaguswa na tangazo hilo moja kwa moja, na ni vyema afuate utaratibu wa kujiandikisha.

Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi anayetafuta taarifa za ugonjwa wa mama yake hastahili kutiwa pakacha moja na msambazaji wa picha chafu, na sioni haya kulisema. Hata hivyo maoni yangu hayatamkinga mtu mbele ya hakimu. Asiye na uhakika na amuulize wakili.

Kuna tofauti gani baina ya seva mbadala na VPN?

Seva mbadala kwa kawaida hubeba mazungumzo ya programu moja, kwa mfano kivinjari, na nyingi hazisimbi chochote zenyewe. VPN hubeba kila kinachotoka katika simu, na husimba njia nzima mpaka kwenye seva. Kwa mtu anayetaka kufungua ukurasa mmoja tu, seva mbadala yenye usimbaji inatosha. Kwa mtu anayetumia Wi-Fi ya hoteli au ya bandarini na anataka simu yake yote ifunikwe, VPN inafaa zaidi.

Mwenye seva anaona nini katika mambo yangu?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, na kwa bahati mbaya huulizwa mwisho, wakati akaunti imeshachukuliwa.

Watu wa Pemba tunaujua utaratibu wa kumkabidhi abiria barua pale bandari ya Mkoani ili aifikishe bandari ya Malindi, Unguja. Barua isiyofungwa, abiria anaweza kuisoma yote akiwa juu ya meli, na hata akiongeza mstari wake, mpokeaji hatojua. Ndivyo ilivyo tovuti isiyo na HTTPS unapoifungua kupitia seva ya mtu: mwenye seva anaona maneno, picha na neno lako la siri, na anaweza kuubadilisha ukurasa kabla haujakufikia. Barua iliyofungwa kwa lakiri, abiria haisomi, lakini anajua imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, saa ngapi imetumwa na ni nzito kiasi gani. Ndivyo ilivyo tovuti yenye HTTPS. VPN nayo ni kama kuzitia barua zako zote katika gunia moja lililoshonwa mdomo: watu wa bandarini wanaona gunia tu, ila yule anayelifungua upande wa pili anazikuta bahasha zote na anayasoma majina yaliyoandikwa juu yake.

Maana yake ni kwamba jicho lililokuwa likikutazama kutoka kampuni ya simu halikuondoka. Limehamia kwa mtu mwengine. Kampuni ya simu angalau unajua ofisi yake ilipo. Mwenye seva ya bure uliyoichukua katika orodha ya namba mtandaoni humjui jina, nchi, wala nia yake.

Lakini ziko seva nyingi za bure zinazofanya kazi vizuri. Ubaya wake uko wapi?

Seva hula umeme na hulipiwa kodi ya mtandao kila mwezi, na anayeziendesha bila ya kukutoza lazima anapata pesa kwa njia nyengine. Baadhi huuza kumbukumbu za tovuti unazotembelea. Baadhi huingiza matangazo yao ndani ya kurasa. Baadhi huifanya simu yako nayo kuwa seva kwa ajili ya watu wengine, hivyo bando lako linatumika kupitisha mambo ya mtu usiyemjua, na akifanya uhalifu, anwani itakayoonekana ni yako. Hata kampuni kubwa hazikusalimika: Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN, iliyotangazwa kuwa ni ya kumlinda mtumiaji, ilikuwa ikikusanya taarifa za namna watu wanavyotumia programu nyengine, mpaka ikaondolewa katika duka la Apple mwaka 2018.

Jioni moja mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alinionesha simu yake akisema, “Maalim, hii inataka ruhusa, niikubalie?” Programu ya bure aliyoipakua ilikuwa inamtaka aweke cheti, na simu ilikuwa imemtaka kwanza aweke namba ya kufungulia kioo. Kidole chake gumba kilikuwa kimeshafika juu ya neno la kukubali. Cheti kile, kama angekikubali, kingempa mwenye seva uwezo wa kuzivunja lakiri za barua zake, kuzisoma, na kuzifunga upya kwa muhuri ambao kivinjari chake kingeuamini. Tulikikataa, tukaifuta programu, kisha tukabadilisha maneno yake yote ya siri kwa kutumia simu nyengine. Hakuna seva mbadala ya kufikia tovuti inayohitaji uweke cheti chake katika simu yako. Ikikutaka ukiweke, ifute. Vile vile, kivinjari kikikuonya kwamba muunganisho wako si wa faragha wakati unapitia seva ya mtu, usibonyeze neno la kuendelea, hata kama tovuti unayoitaka ina umuhimu gani.

Hiyo ndiyo sababu huwaambia watu wachague huduma ambayo wenyewe wanajulikana, ambayo programu yake iko wazi kwa wataalamu kuikagua, na ambayo imeeleza inapata wapi pesa. Psiphon, kwa mfano, ilianzia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 2006 hasa kwa ajili ya kufikia tovuti zilizofungiwa. Sifa hizo hazikupi uhakika kamili, lakini ziko mbali na namba iliyookotwa mtandaoni.

Seva mbadala huwekwaje katika simu?

Katika simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, kisha Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa, na utafute alama ya kalamu ya kurekebisha. Ndani ya chaguo za ziada kuna sehemu ya seva mbadala. Ukiibadilisha ili ujaze mwenyewe, zinafunguka nafasi mbili: ya jina la seva, na ya mlango, ambao ni namba tu. Mlango wa seva za kawaida mara nyingi ni 8080 au 3128. Ukipewa seva ya aina ya SOCKS, ambayo mlango wake wa kawaida ni 1080, sehemu hiyo haitoikubali, na utahitaji programu maalumu au kivinjari cha Firefox katika kompyuta, ambacho kina mipangilio yake. Katika Firefox, hakikisha umetia alama kwenye kisanduku kinachoamuru majina ya tovuti nayo yaulizwe kupitia seva. Usipofanya hivyo, daftari la kampuni ya simu litaendelea kujua kila jina unalolitafuta.

Mambo mawili husahauliwa. Kwanza, mpangilio huo ni wa Wi-Fi hiyo moja tu na haugusi bando la laini. Pili, programu nyingi huupuuza, kwa hiyo kivinjari kikipitia seva usidhani kwamba na programu nyengine zinapitia huko.

Ukimaliza, uondoe. Mzee mmoja wa Wete alikuja akiwa ameshaamua kuiuza simu yake kwa bei ya hasara kwa sababu “imekufa intaneti” nyumbani kwake tu, ilhali kwa jirani inafanya kazi. Mjukuu wake aliweka seva mbadala katika Wi-Fi ya nyumbani miezi kadhaa nyuma, na seva ile ilikuwa imeshazimwa na mwenyewe. Tulifuta namba mbili, simu ikarudi.

WhatsApp, Telegram na Signal je?

Zote tatu zina nafasi ya kuweka seva mbadala ndani ya mipangilio yake, na WhatsApp ilianza kuwapa watumiaji nafasi hiyo Januari 2023. Ujumbe wa WhatsApp na Signal hubaki umesimbwa kutoka simu hadi simu, hivyo mwenye seva hausomi, ingawa anaiona anwani yako ya IP na saa unazotumia. Kwa anayetaka mawasiliano tu na familia, hii ni njia nyepesi kuliko kuweka VPN ya simu nzima.

Na Tor?

Tor ni mtandao unaopitisha ombi lako katika seva tatu, moja baada ya nyengine, kwa namna ambayo ya kwanza inakujua wewe lakini haijui unakwenda wapi, na ya mwisho inajua unakokwenda lakini haikujui wewe. Kwa faragha, hakuna katika niliyoyataja kinachoifikia. Ni nzito, baadhi ya tovuti huikataa, na kampuni ya simu inaweza kutambua kwamba unaitumia isipokuwa ukipitia madaraja yake, ambayo ni seva zisizoorodheshwa hadharani. Kivinjari cha Tor pakua kutoka tovuti ya mradi wenyewe au duka rasmi la simu, kwa sababu nakala zinazozunguka katika magurupu ya WhatsApp huwezi kujua zimechezewa na nani.

Kwa nini mtandao huwa mzito?

Kwa sababu ya safari. Mwanga ndani ya mkonga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya baharini kutoka kwetu hadi London inazidi kilomita 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja hufanya safari nyingi. Chagua seva iliyo karibu, Kenya au Afrika Kusini, kama tovuti unayoitaka haikufungiwa huko. Usimbaji nao huongeza uzito kidogo katika kila kipande cha data kinachotumwa, na bando litaisha mapema kuliko ulivyozoea.

Naweza kuingia benki nikiwa nimewasha seva mbadala?

Zima kwanza. Benki ikiona mteja wa Chake Chake anaingia kutoka Uholanzi inaweza kuifunga akaunti kwa kushuku wizi, na kuifungua kutakuhitaji wewe mwenyewe uende tawini. Huduma za pesa za simu unazozifikia kwa kubonyeza nyota na reli hazipiti kwenye intaneti, kwa hiyo seva mbadala haiziathiri wala haizilindi.

Intaneti ikizimwa yote, seva mbadala itanisaidia?

Haitosaidia. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchini na hali hiyo iliendelea kwa siku kadhaa, na watu wakawa wanapakuliana VPN kwa Bluetooth wakidhani wamekosea kuchagua. Seva mbadala inahitaji angalau tundu moja la kutokea. Tundu lisipokuwepo, iwe ya bure au ya kulipia, zote ni sawa. Kinachofaa hufanywa kabla: kupakua mapema nyaraka na vitabu utakavyovihitaji, na kuziandika namba za ndugu kwenye karatasi, kwa kuwa nimewaona watu wazima wakishindwa kumpigia mama yao kwa sababu namba yake waliihifadhi WhatsApp peke yake.

Mtandao wa skuli au ofisi umefungia tovuti ninayoihitaji. Nifanyeje?

Muombe anayeusimamia aifungulie. Ukikwepa kwa seva mbadala utaonekana, na unaweza kupoteza nafasi yako. Kwa makala za kitaaluma, maktaba nyingi za vyuo vikuu zina seva mbadala yao halali inayomtambulisha mwanafunzi kwa wachapishaji hata akiwa nyumbani. Muulize mkutubi wako.

Nina ndugu London. Anaweza kuniwekea seva nyumbani kwake?

Anaweza, na kwa upande wa uaminifu naona hakuna chaguo bora kuliko hili, kwa sababu jicho litakalokuwa juu yako ni la mtu mliyekula sahani moja. Iko programu ya bure iitwayo Outline, iliyotolewa mwaka 2018 na Jigsaw, wakati huo kampuni dada ya Google, inayomuwezesha mtu asiyekuwa fundi kusimamisha seva, ama kwa kukodi kompyuta ya wingu (kompyuta ya kampuni inayotumika kupitia intaneti) kwa dola chache kwa mwezi, ama kwa kutumia kompyuta ya nyumbani ikiwa anajua kufungua mlango katika ruta yake. Yeye hukutumia ufunguo, ambao ni mstari mmoja wa herufi, na wewe huubandika katika programu ya simu.

Kabla hujamuomba, mueleze jambo moja kwa uwazi: kila utakachokifanya kupitia seva hiyo kitaonekana ulimwenguni kuwa kimefanywa na yeye, kutoka kwenye anwani yake, katika nchi yenye sheria zake. Usiugawe ufunguo kwa marafiki. Na siku utakapoibiwa simu, tafuta simu ya jirani usiku huo huo umpigie aufute, kisha akupe mwengine.